Kuizoea Thika Road: mwongozo kwa dereva anayeogopa barabara ya leni nyingi

Nairobi ina madereva wengi ambao leseni zao ni halali, magari yao ni mazima, na mtaani kwao hakuna awezaye kuwakosoa, lakini hawajathubutu hata siku moja kuingia Thika Road, barabara kuu ya kutoka mjini hadi Thika, wakiwa peke yao. Mkazi wa Ruiru mwenye shughuli mjini ataliacha gari nyumbani apande matatu, au atazunguka kupitia Kiambu, au atamwomba shemeji yake amwendeshee. Akiulizwa sababu hutaja foleni au bei ya mafuta. Mimi nilitaja foleni kwa miezi minane baada ya kupata leseni, na mwongozo huu ninamwandikia yule anayeitaja foleni leo.

Barabara hii ilifunguliwa rasmi na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012. Ina urefu wa takriban kilomita 50, na katika sehemu zilizo karibu na mji ina leni nne kila upande, mbali na zile barabara za pembeni ambazo matatu na wakazi huzitumia kufikia mitaa yao. Kadiri unavyosonga kuelekea Thika ndivyo leni zinavyopungua. Mizunguko ya zamani, kama ile ya Pangani na Muthaiga, ilijengewa madaraja ya juu na njia za chini ili magari yapite bila kusimama. Huko kutosimama ndiko kunakomtisha mgeni, kwa maana shule nyingi za udereva humfundisha mwanafunzi katika vichochoro ambavyo gari halifiki gia ya nne, kisha humpeleka mbele ya ile meza ya mji wa mfano, ambako husukuma kigari cha plastiki kwa kidole huku akimweleza mtahini kwamba sasa anatazama kioo, sasa anawasha indiketa, sasa anaingia leni ya kati. Kigari kile hakijawahi kufuatwa na lori la mawe linalotoka Ndarugo.

Itaje hofu kwa jina lake

Kabla ya kuligusa gari, chukua karatasi uandike ni wakati gani hasa unapoogopa. Usiandike kwamba unaogopa Thika Road, kwa sababu kilomita 50 za hofu hazina pa kuanzia. Andika, kwa mfano, kwamba unaogopa pale unapotoka barabara ya pembeni na magari yanakuja kasi upande wako wa kulia. Au lori linapokuwa nyuma yako na kioo chote kikajaa bonneti. Au unapokuwa leni ya tatu na pa kutokea pamekaribia.

Nimezungumza na watu kadhaa wenye woga huu, na karibu wote, wakishaandika, hugundua kwamba wanaogopa mambo matatu tu: kuingia, kubadili leni, na kutoka. Barabara hii ni kama nguo, vipande vyenyewe ni laini na kinachokwaruza ni mishono. Ukiwa umeshaingia na unakwenda moja kwa moja, kazi ni rahisi kuliko kuendesha Githurai sokoni, kwa sababu hakuna gari linalokuja uso kwa uso nawe, hakuna anayekukatiza kutoka kichochoroni, na unaweza kukaa gia moja kwa dakika kumi. Kwa hiyo mazoezi yote yanayofuata yanalenga mishono hiyo, na ninashauri uufanyie kazi mmoja kwa wakati wake.

Ipande kwanza kama abiria

Keti kiti cha mbele cha matatu, au umwombe ndugu akubebe, na usafiri kutoka mjini hadi Ruiru na kurudi bila kazi nyingine isipokuwa kutazama. Jifunze mfuatano wa mahali: Pangani, Muthaiga, Allsops, Garden City, Roysambu, Githurai, Kahawa, Chuo Kikuu cha Kenyatta, Ruiru, Juja, Thika. Dereva anayejua kwamba baada ya Roysambu inakuja Githurai hashtuki akiona kibao, na hofu nyingi za barabarani ni mshtuko uliokosa taarifa.

Tazama pia mahali ambapo leni kuu na barabara ya pembeni zinakutana. Utaona kwamba mara nyingi mdomo wa kuingilia na mdomo wa kutokea viko karibu, hivyo magari yanayotaka kupanda leni kuu na yale yanayotaka kushuka hupishana ndani ya kipande kifupi cha lami, kila moja likiwa na haraka yake. Hapo ndipo matatu huonyesha maarifa yake yote. Ukivitazama vipande hivyo mara nne au tano bila usukani mkononi, utaanza kuona mpangilio ndani ya kile ulichokidhani ni fujo: wanaoshuka hupunguza mwendo, wanaopanda huongeza, na anayepisha kwa kawaida ni yule anayeona mbali zaidi.

Gari lenyewe

Hili ni fupi. Tairi ziwe na meno na upepo wa kutosha, breki zishike bila kuvuta upande, wipa na taa zote zifanye kazi, na usikubali kwenda na kioo cha pembeni kilichofungwa kwa selotepu. Vivute vioo vya pembeni kuelekea nje hadi ubavu wa gari lako uonekane kidogo tu, au usionekane kabisa. Wengi wetu huvielekeza ndani mno, tukabaki tunatazama mlango wetu wenyewe na kuyapoteza magari yaliyo leni ya jirani. Kiti kisogee karibu kiasi kwamba mgongo ukiwa umeegemea, kifundo cha mkono kinaweza kulala juu ya usukani.

Siku, saa na mtu wa kuketi kando yako

Chagua Jumapili saa moja asubuhi, kabla waumini hawajaanza kutoka, au siku ya kazi kati ya saa tano na saa saba mchana. Epuka mvua, epuka usiku, epuka mwisho wa mwezi. Wapo watakaokuambia uingie jioni ya Ijumaa ili uzoee mara moja na kumaliza. Usiwasikilize. Mwili uliotishwa hujifunza kuogopa zaidi, na wataalamu wa afya ya akili wanaotibu hofu za namna hii humsogeza mtu hatua kwa hatua, wakingoja kila hatua ipoe kabla ya kumwongezea nyingine.

Msindikizaji ni jambo zito kuliko wanavyodhani wengi. Mtafute dereva mzoefu asiyepiga kelele, na mkubaliane kabla ya kuwasha gari kwamba hatanyoosha mkono kugusa usukani na hatasema neno “angalia!” pasipo kutaja cha kuangaliwa. Mimi nilisindikizwa na mjomba wangu, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye katika safari ya kwanza alisema sentensi moja tu kutoka Kahawa hadi Ruiru: “Mpwa wangu, pumua.” Sikuwa nimejua kwamba nilikuwa nimeibana pumzi. Kama huna mtu wa aina hiyo, mlipe mwalimu wa udereva kwa saa mbili au tatu za barabara kuu pekee, na umwambie waziwazi kwamba leseni unayo, unachotaka ni mazoezi ya kuingia na kutoka.

Anza mbali na mji

Kosa la kawaida ni kuanzia Pangani kwa kuwa ndipo barabara inapoanzia. Anzia upande wa pili. Kati ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na Juja leni ni chache, mahali pa kutokea pameachana, na una nafasi ya kufikiri. Ingia mahali pamoja, safiri hadi mahali pa kutokea panapofuata, shuka, egesha mahali salama, zima gari, unywe maji. Kisha rudia. Nilifanya zoezi hilo mara sita siku ya kwanza, na mara ya sita nilichoka kwa sababu ya kuchoshwa, si kwa woga. Hiyo ndiyo dalili unayoingoja kabla ya kuongeza urefu wa safari.

Jumapili inayofuata fika Thika, ukanywe chai karibu na maporomoko ya mto Chania, kisha urudi. Safari yenye kituo cha kupendeza mwishoni huufanya ubongo uihesabu barabara upande wa faida. Baada ya hapo ndipo uanze kusogea upande wa mji kipande kwa kipande: hadi Githurai, hadi Garden City, hadi Muthaiga. Wiki mbili kwa kila kipande si nyingi.

Kuingia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mshono huu ndio unaowarudisha wengi nyumbani.

Mwoga huamini kwamba usalama ni kwenda polepole, kwa hiyo hupanda kwenye leni kuu kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Tuifanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita takriban mita 28 kwa kila sekunde; lako la kilomita 40 hupita mita 11. Kama gari hilo liko mita 60 nyuma yako unapochomoza, litakufikia kabla ya sekunde 4 kuisha. Lakini ukiingia ukiwa umeshafikia kilomita 80, unapita mita 22 kwa sekunde, na gari lilelile litahitaji zaidi ya sekunde 10 kukufikia, muda ambao unamtosha dereva wake kukuona, kuondoa mguu kwenye mafuta au kuhamia leni nyingine. Mwendo wako umemsaidia yeye akusaidie wewe.

Kwa hiyo, ukiwa bado kwenye barabara ya pembeni, washa indiketa mapema na uanze kuyatazama magari ya leni kuu kupitia dirisha na kioo cha kulia. Usitafute leni tupu, maana hutaipata. Chagua gari moja, tuseme Probox nyeupe, na ujiambie kwamba utaingia nyuma yake. Kumfuata mtu aliyekwisha pita ni rahisi kuliko kukisia kama utawahi mbele ya mtu anayekuja. Mara unapoingia mdomo wa kuingilia, kanyaga mafuta kwa nguvu kuliko ulivyozoea. Gari likilalamika liache lilalamike. Tazama kioo, kisha geuza kichwa kidogo utazame juu ya bega la kulia, kwa sababu kuna eneo kando ya gari ambalo hakuna kioo kinachoweza kulionyesha na ambalo pikipiki hutosha kabisa. Kisha ingia kwa mstari mrefu uliolala, pasipo kukata usukani.

Ikitokea kwamba nafasi imekosekana kabisa na umefika mwisho wa kipande cha kuingilia, simama ukiwa ndani ya kipande hicho, usisimame ukiwa nusu ndani ya leni. Aliye nyuma yako atapiga honi. Mwache apige. Ngoja nafasi kubwa kuliko ile ambayo ungeihitaji ukiwa katika mwendo, kisha uondoke kwa nguvu.

Ukiwa ndani

Kaa leni ya kushoto. Sheria yetu inamtaka dereva aendeshe upande wa kushoto na apite wenzake upande wa kulia, na leni ya kulia kabisa si mahali pa kukaa hata kama iko tupu. Ni kweli kwamba leni ya kushoto ina usumbufu wake karibu na steji, kwa kuwa matatu hupanda na kushuka humo, na madereva wengi wenye uzoefu husogea leni ya pili wanapokaribia vipande hivyo na kurudi baadaye. Nawe utafanya hivyo, lakini baada ya majuma kadhaa.

Mwendo usome kwenye kibao, wala si kwenye magari yanayokupita. Matatu na malori hayaruhusiwi kisheria kuzidi kilomita 80 kwa saa, na ukienda karibu na kiwango hicho katika leni ya kushoto huna deni kwa mtu yeyote.

Umbali kati yako na aliye mbele upime kwa sekunde. Aliye mbele akipita nguzo ya taa, hesabu taratibu: mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu. Ukiifikia nguzo kabla ya kumaliza, umemkaribia mno. Utalalamika kwamba ukiacha nafasi ya sekunde tatu, kila mtu anachomoka na kuijaza. Ni kweli, wataijaza. Ondoa mguu kwenye mafuta kidogo, nafasi itarudi. Hata wakikuingilia watu kumi kati ya Githurai na Muthaiga, na kila mmoja akakugharimu sekunde tatu, umechelewa nusu dakika. Mimi niliona hesabu hiyo ikinituliza kuliko maombi, na mama yangu asinisikie.

Macho yaende mbali. Mwoga hutazama nyuma ya gari lililo mbele yake na kila taa ya breki humshtua. Tazama magari manne au matano mbele, na utayaona yakipunguza mwendo kabla habari haijakufikia. Uwe pia na jicho kwa watembea kwa miguu. Madaraja yao ya kuvukia yapo, lakini bado kuna wanaoruka vizuizi vya katikati wakiwa na mizigo kichwani, hasa karibu na steji kubwa, na kuna bodaboda zinazokuja kinyume. Ukimwona mtu amesimama kwenye kizuizi cha katikati, mhesabu kwamba atavuka.

Kubadili leni

Badili leni moja kwa wakati mmoja, hata kama unataka kusogea tatu. Kioo, indiketa, bega, kisha nenda. Indiketa iwake mara tatu au nne kabla gari halijaanza kusogea, ili iwe ombi na si taarifa ya jambo lililokwisha fanyika. Ukiingia leni mpya, zima indiketa, tulia, hesabu sekunde chache, kisha uanze upya kwa leni inayofuata.

Usibaki sambamba na lori au basi. Dereva wake hakuoni ukiwa ubavuni mwake, na kama huoni uso wake katika kioo chake, chukulia kwamba kwake wewe hupo. Ama mpite moja kwa moja, ama ubaki nyuma yake kwa umbali wa haki.

Kuna yule atakayekuja nyuma yako akiwasha na kuzima taa kubwa, akiwa karibu kiasi kwamba unaweza kuisoma stika ya bima yake. Mkono utataka kukata usukani na mguu utataka kukanyaga mafuta. Usifanye lolote kati ya hayo. Shikilia mwendo wako, washa indiketa ya kushoto ukiwa na nafasi, umpishe. Usimkanyagie breki ili kumfundisha. Hafundishiki, na huenda uzani wake ni tani 20.

Kutoka

Anza kujipanga kutoka mapema, kilomita nzima kabla, kwa kurudi leni ya kushoto. Usikanyage breki ukiwa bado leni kuu. Ingia kwanza kwenye mdomo wa kutokea, ndipo upunguze. Kisha tazama kipima mwendo kwa macho yako, usiamini mwili, kwa sababu baada ya dakika kumi za mwendo wa juu kilomita 60 zitahisi kama kutembea kwa miguu, ilhali umeshashuka mahali penye matuta, mikokoteni, watoto na makanga wanaorudi kinyumenyume wakiita abiria. Kwa maoni yangu barabara ya pembeni inastahili kuogopwa zaidi ya leni kuu, ila haitishi kwa sababu tumeizoea.

Ukipitwa na mahali pako pa kutokea, umepitwa. Endelea. Safari yangu ya tatu nilikuwa nashuka Roysambu, lori likanifunika upande wa kushoto, nikaona mdomo ukipita dirishani kama steji aliyoipitiliza abiria aliyelala. Nilishuka Githurai, nikageuka chini ya daraja, nikarudi; ilinigharimu kama dakika kumi na tano na jasho kidogo. Siku hiyohiyo nilimwona mwenzangu mmoja akirudi nyuma kwa gia ya rivasi pembezoni mwa leni kuu, taa za dharura zikiwaka kana kwamba ni ruhusa. Kubali mapema, kabla ya kuondoka nyumbani, kwamba huenda leo ukaipita njia yako, na ujue tayari mahali pa kutokea panapofuata ni wapi. Nusu ya hofu ya kutoka huisha hapo.

Hofu ikipanda ukiwa katikati ya lami

Moyo unaweza kuanza kudunda, viganja vikalowa, kifua kikabana, hata bila sababu unayoiona. Hilo halimaanishi kwamba unazimia. Legeza vidole vyako kwenye usukani, kwa sababu ukiukaba mikono hutetemeka na gari huyumba. Toa pumzi nje polepole, ndefu kuliko unavyoivuta, mara tano au sita. Teremsha dirisha kidogo. Kisha anza kusema kwa sauti unachokiona: lori la bluu mbele, daraja la kuvukia, kibao cha Kahawa, leni ya kulia tupu. Maneno hayo hukurudisha barabarani kutoka kichwani. Shuka mahali pa kutokea panapofuata, egesha, upumzike. Usisimame leni kuu wala pembezoni mwake kwa sababu ya hofu peke yake, kwani hapo utakuwa umeihama hofu ukaiingia hatari.

Ikiwa hali hiyo inakurudia kila safari, au ilianza baada ya ajali, mazoezi ya Jumapili peke yake huenda yasitoshe, na ni busara kumwona daktari au mshauri nasaha. Usijitibu kwa dawa za usingizi wala kwa kinywaji cha kutoa woga.

Gari likiharibika kweli, ni jambo jingine. Washa taa za dharura, lisogeze kushoto kadiri linavyokubali, mshuke nyote kwa mlango wa kushoto, mkasimame nyuma ya reli ya barabara kama ipo. Pembetatu za kuakisi mwanga ziwekwe mbali, mita 50 au zaidi nyuma ya gari, ikiwa tu unaweza kufika huko bila kutembea ndani ya leni. Piga simu ya gari la kuvuta ukiwa nje, usiwe umekaa ndani.

Mvua, usiku, na ile barabara ya kulipia

Mvua na usiku viache mpaka mwisho. Dakika za mwanzo za mvua, hasa baada ya kiangazi kirefu, ndizo zinazoteleza mno, kwa kuwa mafuta na vumbi vilivyolala juu ya lami huchanganyika na maji; ongeza sekunde tatu zako ziwe sita. Maji hutuama pia chini ya madaraja, na tairi zikianza kuelea usukani utahisi mwepesi ghafla. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani wima, usikanyage breki kwa kushtuka. Usiku tarajia vipande ambavyo taa za barabarani haziwaki na malori yasiyo na taa za nyuma.

Barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, yenye kilomita 27 na iliyofunguliwa kwa magari Mei 2022, inafaa kama zoezi la kati, baada ya Juja na kabla ya Pangani. Haina bodaboda, haina watembea kwa miguu wala steji, na mwendo wake umewekewa kikomo cha kilomita 80 kwa saa. Ugumu wake ni kwamba huwezi kugeuza nia katikati, kwa hiyo amua utakapotokea kabla ya kufika kwenye kibanda cha malipo, na uwe na pesa au kadi mkononi ili usianze kupekua mkoba huku watu wanasubiri.

Pangani saa mbili asubuhi

Hatua ya mwisho ni kuingia mjini siku ya kazi. Foleni itakusaidia, maana magari yatakuwa yanatambaa na kila mshono utakuwa wa polepole. Kinachotakiwa hapa ni uamuzi wa mapema. Ukitoka Muthaiga, barabara inagawanyika Pangani, na mtu anayekwenda Westlands kupitia Museum Hill hapaswi kuwa katika leni za yule anayekwenda Globe na katikati ya mji. Amua ukiwa bado Allsops. Isome ramani jioni iliyotangulia, ichore kwa mkono ikibidi, na uweke simu kwenye kishikio ikusomee kwa sauti badala ya kuishika. Ukijikuta katika leni isiyo yako, ifuate inakokwenda. Mara ya kwanza nilikusudia Westlands nikaishia Ngara, nikaegesha karibu na wauza miwani, nikampigia mjomba simu. Aliniuliza kama gari ni zima. Nikamwambia ni zima. Akaniambia basi nitafute chai, kisha nitoke nijaribu tena nikipitia Globe.